Udongo Unaobaki Kwenye Viatu: Siku Sita Katika Vijiji vya Mvinyo vya Bourgogne

Siku ya kwanza: Gevrey-Chambertin

Treni ya kasi kutoka Paris imetumia saa moja na nusu na dakika kidogo kufika Dijon, katika eneo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Hapo nimebadilisha, nikapanda treni ndogo ya vijijini, na muda si mrefu nimeshuka Gevrey-Chambertin nikiwa na begi moja, daftari, kichupa cha siki na swali la baba yangu.

Swali lenyewe ni hili. Shamba letu la zabibu liko Mpunguzi, nje ya mji wa Dodoma. Kipande cha chini, karibu na korongo, kina udongo mweusi wa mbuga, mzito, unaoshika maji. Mizabibu yake ina majani mapana, na vichala vyake ni vikubwa kiasi kwamba ndoo inajaa upesi. Kipande cha juu ni kokoto na mchanga mwekundu. Mizabibu yake mifupi, vichala vidogo. Kila msimu mnunuzi akija na kipimo chake cha sukari, zabibu za juu zinapita na za chini zinakatwa bei. Baba amelima miaka thelathini na bado anauliza: inakuwaje udongo mnono utoe zabibu dhaifu?

Nimechagua kuja mwishoni mwa Machi kwa makusudi. Mizabibu haina jani hata moja, ni visiki vyeusi vilivyokunjamana na tawi moja lililofungwa kwenye waya. Mgeni wa Septemba huona majani na vichala. Mgeni wa Machi huona ardhi.

Kituo cha treni kiko tambarare, kijiji kiko juu yake, na nyuma ya kijiji kuna kilima. Kwa kweli si kilima kimoja. Ni ukingo mrefu kama ukuta ulioinama, unaoanzia Dijon na kwenda kusini kwa takriban kilomita 60, ukitazama mashariki. Wenyeji huuita la Côte, yaani mteremko, na mkoa mzima umechukua jina hapo: Côte-d'Or. Tambarare ya mto Saône ilizama mamilioni ya miaka iliyopita, ukingo huu ukabaki umesimama, na tabaka za mawe zilizokuwa zimelala chini zikawa zinachungulia nje kama kurasa za kitabu kilichokatwa ubavuni. Mawe hayo yalikuwa matope ya bahari ya joto zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Ni chokaa, na kati ya tabaka moja ya chokaa na nyingine kuna udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa.

Nimepanda kwa miguu kutoka kituoni. Inabidi kuvuka barabara kuu, ambayo siku hizi inaitwa D974 ingawa wazee bado wanaiita kwa namba yake ya zamani, 74. Barabara hiyo karibu kila mahali ni mpaka. Chini yake, kuelekea tambarare, zabibu hutoa mvinyo unaoandikwa Bourgogne tu. Juu yake kidogo ndipo chupa inaporuhusiwa kubeba jina la kijiji. Ukipanda tena, katikati ya mteremko, unakutana na vipande vya daraja la premier cru, la pili kutoka juu, kisha grand cru, daraja la juu kabisa, ambavyo jina lao halihitaji hata kijiji: chupa inaandikwa Chambertin, basi. Halafu juu kabisa udongo unakuwa mwembamba mno, baridi inazidi, na msitu unaanza.

Lakini Gevrey imevunja kanuni hiyo. Hapa mashamba yenye haki ya jina la kijiji yanavuka barabara na kushuka mbali tambarare. Nilisimama chini ya barabara nikachokonoa ardhi kwa kijiti. Nilitegemea tope. Nikakuta kokoto za chokaa, nyeupe, nyingi, zimejaa hadi urefu wa kijiti changu. Nikageuka kutazama kilima, nikaona zilikotoka: nyuma ya kijiji kuna genge lililokatwa na maji, Combe Lavaux. Zama za barafu maji yaliteremka humo yakibeba mawe, yakayamwaga mbele ya mdomo wa genge kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo, na ungo huo wa kokoto ndio kijiji kimejengwa juu yake na mashamba yamepandwa juu yake.

Kwa hiyo ni tambarare, lakini chini yake maji yanapita. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa daftarini kabla ya kutafuta pa kulala.

Siku ya pili: Gevrey, Morey, Chambolle, Vougeot

Leo ndiyo siku niliyoijia. Nimetoka Gevrey asubuhi kwa njia ya mashambani, mteremko ukiwa kuliani kwangu na jua likitoka kushotoni.

Sisi wa nyuzi sita kusini mwa ikweta hatuna shida ya jua, shida yetu ni kivuli. Hapa ni nyuzi 47 kaskazini, jua linapita chini, na kila mtu analitafuta. Shamba la tambarare linapigwa na jua kwa ubavu. Shamba lililoinama kuelekea mashariki linalipokea kifua wazi tangu alfajiri, udongo unapata joto mapema, na umande unakauka kabla ya ugonjwa wa ukungu kushika majani. Kilima chenyewe kinakinga upepo wa mvua kutoka magharibi. Nimeelewa haya kwa mwili kuliko kwa kichwa: saa mbili asubuhi nilikuwa natetemeka karibu na barabara, nikapanda hatua mia mbili tu, nikafungua koti.

Karibu na Morey-Saint-Denis moshi ulikuwa unapanda kati ya mistari. Wafanyakazi walikuwa wanamalizia kupogoa na kufunga matawi, na mmoja alikuwa anasukuma toroli lililotengenezwa kwa pipa la mafuta lililopasuliwa katikati, moto ukiwaka ndani yake. Anakata, anatupa humo, anasukuma hatua tatu, anakata tena. Chini ya pipa kuna matundu, majivu yanadondoka palepale alipopita. Nilipiga simu nyumbani kumweleza mdogo wangu, na nilipomaliza nikasikia sauti nyuma yangu:

"Ndugu yangu, unatoka wapi na hiyo Kiswahili?"

Ni dada mmoja wa Bukavu, mkubwa kwangu, anaishi Dijon na anafanya kazi ya mizabibu tangu watoto wake wakiwa wadogo. Nikamwamkia, tukacheka, akaniambia nisiondoke, nimsaidie kushika matawi wakati anafunga. Kwa saa moja hiyo nimejifunza zaidi kuliko kwa vitabu vyote nilivyosoma kabla ya safari.

Halipwi kwa saa. Analipwa kwa eneo, na eneo lenyewe linahesabiwa kwa kipimo cha kale kiitwacho ouvrée, ambacho ni kiasi cha ardhi mtu mmoja aliweza kulima kwa siku kwa jembe la mkono. Ni mita za mraba 428. Ekari yetu moja ni ouvrée tisa na nusu hivi. Nikamuuliza kwa nini vipande ni vidogo namna hii, mistari sita ya huyu, minne ya yule. "Huku mutu anakufa, batoto banagawana mistari," akasema, na akanionyesha kwa mkono jinsi mistari inavyokatwa. Tangu sheria ya urithi ya enzi za Napoleon kila mtoto ana haki ya fungu lake, na fungu hilo linaweza kuwa mistari mitatu ya mizabibu.

Kisha akapiga goti, akafukua udongo kwenye shina, akanionyesha uvimbe kama goti la mzee. Hapo ndipo mzabibu wa Kifaransa ulipobebeshwa kwenye mzizi wa Kimarekani. Kidudu cha filoksera kilifika mkoa huu mwaka 1878 kikala mizizi ya kienyeji, na siku hizi karibu kila mti una miguu ya kigeni. Tatizo ni kwamba mizizi mingi ya Kimarekani haivumilii chokaa: majani yanageuka manjano kama yana homa. Ilibidi watafute aina za mizizi zinazostahimili chokaa, na hadi leo mtu hachagui mzizi kabla hajajua udongo wake una chokaa kiasi gani.

Hapo ndipo siki yangu ilipopata kazi. Nilipofika juu ya Chambolle-Musigny nikaokota donge la udongo, nikalivunja kiganjani na kudondoshea matone. Likachemka kama soda iliyofunguliwa, mapovu meupe yakipanda kati ya vidole: dalili ya chokaa. Udongo wa kwetu Mpunguzi, kwenye kokoto nyekundu, siki inatulia tu na kulowa. Udongo wa Chambolle ni mwembamba, umejaa vipande vya mawe, na chini yake kuna mwamba wenye nyufa. Mzizi haupati pa kunenepa. Unashuka kwenye nyufa ukifuata maji kidogo kidogo.

Jioni nilionja mvinyo wa kijiji cha Chambolle baada ya ule wa Gevrey. Zabibu ni moja, Pinot Noir. Umbali kati ya vijiji hivi hauzidi kilomita tano. Wa Gevrey una mwili, unashika ulimi, una kitu cha giza ndani yake. Wa Chambolle ni mwepesi, harufu inatangulia ladha, kama mtu aliyeingia chumbani na ua mkononi. Gevrey ina mfinyanzi mwingi zaidi. Chambolle ina chokaa nyingi na udongo haba. Nasema hivi bila kusahau kwamba mikono ya mtengenezaji inabadilisha mengi. Lakini wenyeji wamekuwa wakisema hivyohivyo juu ya vijiji hivi viwili kwa vizazi, wakibadilishana mikono, mapipa na mbinu, na tofauti haijafutika.

Watu wengi huamini kwamba mvinyo wa ardhi ya chokaa una chokaa ndani yake, kwamba jiwe linapanda kwenye mzizi na kutua kwenye glasi. Mimi pia niliamini. Mzizi haunyonyi jiwe. Unanyonya maji na chumvichumvi chache zilizoyeyuka, na ladha ya zabibu inatengenezwa na mmea wenyewe. Kinachofanywa na udongo ni kuamua maji yafike lini, kiasi gani, na mizizi ipate joto kiasi gani. Mzabibu unaokunywa bila kikomo unaendelea kuota matawi hadi mwisho wa kiangazi. Mzabibu unaobanwa maji kidogo, zabibu zinapoanza kubadilika rangi, huacha kuota na kupeleka nguvu zake kwenye tunda. Punje zinakuwa ndogo, ganda ni jingi kwa kulinganisha na maji, na kwenye ganda ndiko kuliko na rangi na harufu.

Kabla ya giza nimepita Clos de Vougeot. Watawa wa Cîteaux, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1098 huko tambarare, walikusanya ardhi hii kipande kwa kipande na kuizungushia ukuta. Ni hekta 50 ndani ya ukuta mmoja, leo zina wamiliki karibu 80, na zote ni grand cru, kutoka juu kwenye kasri hadi chini barabarani. Nimetembea kandokando ya ukuta kutoka juu kwenda chini, na kila baada ya mistari kadhaa nikitazama soli za viatu. Juu, karibu na kasri, zilikuwa na unga mweupe na vijiwe. Katikati, udongo wa kahawia uliovunjikavunjika. Chini, karibu na barabara, kila kiatu kilikuwa kimebeba donge la mfinyanzi zito kama tofali bichi, nikalazimika kulikwangua kwa kijiti. Ukuta mmoja, jina moja, na maji yanayofanya mambo matatu tofauti. Nimesimama pale nikaona wazi kwamba kuna mvinyo wa kijiji, wa shamba lililo mahali pake hasa, ninaoutamani kuliko grand cru iliyootea kwenye tope hilo la chini.

Siku ya tatu: Vosne-Romanée

Nimefika mapema. Hakuna mtu. Shamba la Romanée-Conti ni hekta 1.8 tu, lina ukuta mfupi na msalaba wa mawe, na kibao kinachowaomba wageni wabaki barabarani. Nikabaki barabarani. Watu husafiri nusu ya dunia kuja kupiga picha na msalaba ule, na sina neno nao, ila macho yangu yalikuwa upande wa pili.

Nilitaka kuona ni wapi hasa jina kubwa linaishia na jina la kijiji linaanza. Nilishuka taratibu. Hakuna mto, hakuna genge, hakuna hata ua. Kuna njia ya trekta tu. Mteremko unalegea, mawe yanapungua, udongo unazidi kina, na mahali fulani miguu inajua kabla ya macho. Kabla ya ramani za serikali, kabla ya sheria ya mwaka 1935 iliyoweka mfumo mzima wa majina yanayolindwa, waliokuwa wakitembea hapa walijua kwa miguu. Kila kipande kina jina lake, na kipande chenye jina, mipaka na sifa yake wanakiita climat. Mwaka 2015 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia: vipande 1,247.

Mchana nimelala. Miguu imegoma.

Siku ya nne: mvua, Nuits-Saint-Georges hadi Beaune

Imenyesha tangu usiku. Mwenye nyumba niliyolala alinishauri nipande treni moja kwa moja hadi Beaune, lakini nilivaa koti la mvua nikaenda mashambani kwanza, kwa sababu shamba lililoinama linasema ukweli siku ya mvua.

Mistari ya mizabibu mingi hapa imepandwa ikishuka na mteremko, juu kwenda chini, ili trekta ipite bila kupinduka. Trekta zao zina miguu mirefu kama buibui na zinapita juu ya mstari, mizabibu ikiwa katikati ya magurudumu. Miti imesongamana mita moja kwa mita moja, karibu miche 10,000 kwa hekta. Sasa katika kila mfereji kati ya mistari kulikuwa na kijito, na kila kijito kilikuwa na rangi yake. Kwenye shamba lililolimwa tupu maji yalikuwa mekundu na mazito. Kwenye shamba la jirani, ambalo mwenyewe ameacha nyasi ziote kati ya mistari, maji yaliteremka karibu meupe.

Chini ya mteremko kuna mashimo yaliyojengewa kwa mawe kukusanya udongo unaoteremka. Nilimkuta mzee mmoja na kijana wake wakitazama shimo lao likijaa. Nilimwamkia kwa Kifaransa changu cha kuungaunga, nikamuuliza watafanya nini na tope lile. Akanyoosha kidole juu ya kilima. Mvua ikikatika, wataupakia kwenye tela na kuurudisha ulikotoka. Babu yake, alisema, aliubeba kwenye kapu mgongoni, kila majira ya baridi.

Nimebaki na hilo siku nzima. Tumezoea kusema mteremko huu umejaliwa na Mungu, na kwa kweli umejaliwa. Lakini udongo wa katikati ya mteremko, ule unaosifiwa, ungekuwa umeshafika tambarare zamani kama watu wasingeurudisha kwa migongo yao kwa miaka mia kadhaa. Mawe waliyoyatoa wameyarundika pembeni na kujengea kuta na vibanda vidogo vya kujikinga na mvua, na kimojawapo ndicho nilichojibanzia wakati naandika haya, karatasi ikilowa.

Jioni treni. Kati ya Nuits na Beaune dirisha lilionyesha machimbo ya Comblanchien, ambako mteremko unabanwa na mashamba ni machache. Chokaa ya hapo ni ngumu, inang'arishwa kama marumaru. Imetumika kwenye jumba la opera la Garnier kule Paris. Chokaa ileile, inapopasuka na kuchanganyika na mfinyanzi, inalisha mzabibu. Inapobaki ngumu, inajenga ngazi.

Siku ya tano: Pommard na Volnay

Beaune nimeipita haraka, ingawa nilisimama mbele ya Hôtel-Dieu, hospitali ya maskini iliyoanzishwa na Nicolas Rolin mwaka 1443, yenye paa la vigae vya rangi. Imerithishwa mashamba na waumini kwa karne nyingi, na tangu mwaka 1859 mvinyo wake unauzwa kwa mnada kila Novemba. Kisha nimekodi baiskeli nikafuata njia ya mashambani kuelekea kusini.

Pommard na Volnay ni majirani wa kusikilizana kengele. Baiskeli inachukua dakika chache kutoka kanisa hadi kanisa. Lakini Pommard iko kwenye mdomo wa bonde, udongo wake una mfinyanzi mwingi, na juu ya kijiji kuna kipande kiitwacho Rugiens ambacho jina lake linatokana na wekundu wa ardhi, chuma kilichoshika kutu. Volnay imekaa juu zaidi kwenye bega la kilima, udongo mwembamba, chokaa iko karibu. Kuipanda kwa baiskeli kunakupa habari hiyo kwenye mapaja.

Nilikuwa nimeahidiwa kuonja kwa mkulima mmoja mwenye mistari katika vijiji vyote viwili. Ghala lake liko chini ya nyumba, ngazi kumi na nne, kuta zimeota ukungu mweusi laini kama manyoya ya paka. Mapipa yake ni yale ya mkoa huu, lita 228. Alichota kwa mrija wa kioo kutoka pipa la Volnay, akanipa, akakaa kimya. Kisha Pommard. Zabibu zilezile, mwaka uleule, mapipa kutoka kwa fundi yuleyule, mikono yake mwenyewe. Volnay uliteleza. Pommard uliniminya fizi na kubaki, kama chai ya rangi iliyochemka sana. Alisema Pommard yake anaiomba subira, Volnay inamwomba yeye asiiguse.

Nikamweleza habari za baba na shamba la chini. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotegemea, akauliza mvua zetu zinanyesha lini. Nilipomwambia tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kwamba kiangazi tunamwagilia, aliweka glasi chini. Hapa kumwagilia ni marufuku. Sheria ya jina la kijiji hairuhusu. Alifikiri kidogo, kisha akasema jambo ambalo nimelinukuu neno kwa neno daftarini: "Basi wewe ndiwe mwenye bomba. Mimi bomba langu ni kilima."

Siku ya sita: Meursault na Puligny-Montrachet

Meursault nimepita bila kushuka kwenye baiskeli zaidi ya mara moja. Ni kijiji cha zabibu nyeupe, Chardonnay, hakina grand cru hata moja, na mvinyo wake unatafutwa kote. Shamba lake mashuhuri linaitwa Perrières, yaani machimbo ya mawe, na hilo limetosha kunieleza.

Puligny ndiyo niliyotaka kumalizia. Juu ya kijiji kuna Montrachet, hekta 8 zinazogawanywa na kijiji jirani cha Chassagne, na vijiji vyote viwili viliongeza jina la shamba hilo kwenye majina yao mwaka 1879. Gevrey ilikuwa imefanya hivyo na Chambertin tangu 1847. Chini ya Montrachet kuna Bâtard-Montrachet, nayo ni grand cru. Chini ya Bâtard, ng'ambo ya njia nyembamba ya shamba, yanaanza mashamba ya kijiji. Niliegesha baiskeli pale njiani nikanyoosha mikono miwili, mmoja kila upande.

Tofauti ilikuwa ardhini. Upande wa juu udongo ulikuwa umeshakauka baada ya mvua ya juzi na kupasuka vipande vidogo. Upande wa chini, nyayo za mfanyakazi aliyepita jana zilikuwa bado na maji ndani yake. Na ukishuka hadi kijijini unakuta jambo lisilo la kawaida katika nchi hii ya maghala ya chini ya ardhi: hapa wengi hawachimbi, kwa sababu maji yako karibu mno na uso wa ardhi. Mapipa yanakaa juu, kwenye mabanda.

Mwisho wa mistari ya tambarare kulikuwa na makopo makubwa ya nta yamepangwa, kila moja na utambi wake. Aprili inakaribia, vichipukizi vimeanza kuvimba, na usiku wa baridi kali hewa nzito inateremka kilimani na kutuama chini, kama maji. Mwaka 2021 mwezi wa Aprili baridi iliunguza machipukizi sehemu kubwa ya Ufaransa, na watu walikesha wakiwasha makopo haya kati ya mistari. Maji yanatuama chini, baridi inatuama chini, na udongo mnono pia unatuama chini. Mvinyo wa kijiji wa Puligny niliokunywa mchana ulitoka kwenye mistari iliyo juu kidogo ya hapo, ulikuwa mzuri, msafi, una chumvi kidogo mwishoni, na niliunywa taratibu nikijua kabisa ni kazi ya nani.

Nimempigia baba kabla ya kurudisha baiskeli. Dodoma ilikuwa jioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshiba baridi?"

Nikamsimulia kokoto za Gevrey, tope la Vougeot, mzee na shimo lake, bomba na kilima. Nikamwambia kipande chetu cha chini kinakunywa hadi zabibu zinaiva, ndiyo maana sukari haikai; tukate mifereji, tusikimwagilie kabisa vichala vikianza kubadilika rangi, na kama hakitatulia, tung'oe mizabibu tupande mahindi. Alinyamaza. Nilisikia mtu nyuma yake akifukuza kuku.

"Na kule juu zaidi," akasema, "nyuma ya mibuyu, penye mawe matupu. Pale tulipowaachia mbuzi. Pameinama vipi?"

Nikajaribu kukumbuka. Sijawahi kupapima.

"Usijali," akasema. "Kesho nitapeleka kamba."